Mwitaji wa Kituo cha Tatu

Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Wilaya, uliyeacha kazi zako Jumamosi hii ukaja kukaa nasi juani, Mheshimiwa Liwali, Sheikh wetu na Padre wetu, mlioketi bega kwa bega, majumbe wa Marambo na Chunyu, ndugu wageni waalikwa mliotoka Ruangwa kwa lori tangu alfajiri, walimu wenzangu, akina baba na akina mama, nanyi watoto mliokaa chini hapa mbele, ambao najua fika hamkuja kusikiliza maneno bali mnangoja gongo na mpira: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Jina langu ni Teodosia Agapiti. Nafundisha darasa la kwanza na la pili. Nimeombwa nimuage Mwalimu Eustakio, aliyeuanzisha na kuuendesha mchezo wa besiboli ya watoto wadogo hapa Nachingwea kwa miaka minane, na ambaye Jumatatu anahamia Ruangwa akauanzishe na huko. Nimeambiwa niseme mema yake, nami nitayasema. Lakini mtu huyu mnamjua. Ukimsifu ukaruka mahali, anakuambia rudi ulikoruka. Basi leo sitaruka mahali popote, hata pale ambapo wengi wenu mngependa niruke.

Nianze na mchezo wenyewe, kwa ajili ya wageni. Mwaka 1949, mashine za karanga zilipokuwa zikinguruma kila upande wa mji huu, alikuwapo fundi mmoja wa matrekta kutoka Kanada, tuliyemwita Bwana Rei. Eustakio alikuwa karani wake wa vipuri kabla hajarudi kwenye ualimu. Kila jioni Bwana Rei alirusha mpira ukutani na kuudaka peke yake, kwa kukumbuka kwao. Eustakio akamwomba amfundishe. Alipokwisha kuujua mchezo, akasema, "Bwana, mchezo ni mzuri, lakini ni wa watu wazima. Watoto ninaotaka kuwafundisha wana miaka sita. Mtoto wa miaka sita hawezi kuupiga mpira unaomjia kwa kasi. Ataukosa mara tatu, atalia, hatarudi kesho."

Bwana Rei akacheka, akakata kipande cha bomba la mpira la rejeta ya trekta, akakikaza juu ya kigingi kinachomfika mtoto kiunoni, akauweka mpira juu yake, ukatulia tuli. "Basi mpira usimjie," akasema. "Umngoje yeye."

Ndivyo tunavyocheza mpaka leo. Mpira ni wa matambara, umefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli ili usimuumize mtu. Gongo ni la mninga, jepesi, na mtoto akishapiga analilaza chini, halirushi. Vituo ni vinne: vitatu ni magunia ya mchanga, na cha nne, pale mtoto anapoanzia na anapopaswa kurudi, ni ubao, nasi tunakiita nyumbani. Kila mtoto hupiga. Hakuna anayeambiwa kaa pembeni hujui. Hatuhesabu nani kashinda. Upande mmoja ukishapiga wote, unaingia mwingine, na mpigaji wa mwisho akipiga, wote walio vituoni hukimbia pamoja bila kusimama mpaka nyumbani.

Na kila kituo kina mtu mzima. Kwa nini? Kwa sababu mtoto akishaupiga mpira husahau dunia. Mmoja aliufuata mpira wake mwenyewe akashindana na wadakaji. Mwingine alikimbia na gongo lake moja kwa moja mpaka kwa mama yake akamwonyesha. Basi pale kituo cha kwanza yupo mtu wa kumwambia simama, cha pili yupo wa kumwambia ngoja, na pale kituo cha tatu yupo mwitaji, ambaye kazi yake ni kumgeuza mtoto uso na kumwambia, "Nyumbani! Kimbia nyumbani!"

Tangu mwaka 1950, nilipofika hapa nikiwa na umri wa miaka ishirini, mwitaji wa kituo cha tatu nilikuwa mimi.

Sasa niseme habari za uwanja. Si huu. Uwanja wa kwanza ulikuwa ng'ambo ya barabara, penye ardhi iliyosafishwa, na upande wake wa machweo ulipakana na pori lisiloguswa. Pembeni kule palikuwa na mahame. Zamani watu walikaa pale, simba wakawasumbua mwaka hata mwaka, wakahama wote. Zilibaki alama za nyumba, na sakafu moja ya udongo uliopondwa vizuri, ngumu, isiyotoa vumbi hata kiangazi.

Siku Eustakio alipokuwa akipima vituo kwa kamba, alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Marambo, Bibi Mwanabibi, Mungu amrehemu. Akaona gunia la mchanga limewekwa juu ya sakafu ile.

"Mwanangu," akasema, "pale palikuwa nyumbani kwa dada yangu. Usiwaweke watoto wakimbilie pale."

"Nimekusikia, mama," akajibu Eustakio.

Bibi akaenda zake. Na gunia likabaki palepale, kwa kuwa mahali pengine pote palikuwa na mashimo ya visiki, na watoto wangevunjika miguu. Huo ndio uamuzi alioufanya. Alikuwa kijana, alikuwa na haraka, na sababu yake ilikuwa nzuri. Ni mara ngapi sisi wenyewe tumemwambia mzee nimekusikia, tukaendelea na tulichokuwa tukifanya?

Mwaka wa kwanza haukuwa na neno. Mwaka wa pili nikaanza kuona kitu. Watoto waliofika kituo cha tatu walikuwa hawataki kuondoka. Walisimama juu ya gunia, wakageuza shingo upande wa pori, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa chumba cha pili. Wenzao wanapiga kelele kimbia, wao wametulia, nyuso zimelainika. Ilinibidi niwashike mabega niwageuze.

Siku moja Swaumu binti Abdala, ambaye wakati ule alikuwa na miaka sita, akaniuliza, "Mwalimu, nani yule anayeita?"

"Ni mimi ninayeita, Swaumu."

"Siyo wewe. Wewe hujafungua mdomo."

"Basi ni upepo."

Akanitazama. Siku hiyo hapakuwa na upepo. "Anasema njoo nyumbani," akasema. "Lakini analikosea jina langu. Ananiita Ashura."

Nikadhani ni mambo ya watoto. Wiki iliyofuata Tomasi, mtoto wa Kimakonde, aliyefika mjini siku chache tu na ambaye hata Kiswahili kilikuwa kikimpiga chenga, akasimama juu ya gunia lile akasema, "Naam," kwa sauti ya heshima, kama anavyoitika mtoto aliyelelewa vizuri. Nikamuuliza kamwitikia nani. Akasema mama mmoja. Mama huyo anasema Kimwera. Tomasi hakujua neno hata moja la Kimwera, lakini alikuwa ameelewa. Alikuwa ameitwa Ashura, aende nyumbani, jua linazama.

Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mheshimiwa Bwana Mkuu, naona umeweka kalamu chini. Sikuombi uamini. Nasema yaliyotokea, na wengi walioketi hapa waliyaona ya siku ninayoifikia sasa.

Mwezi wa Juni 1952, ufuta ulipokwisha kuvunwa, tulifanya siku kubwa ya michezo. Watoto wa Chunyu walikuja kucheza na watoto wetu. Wazazi walijaa. Tulicheza tangu asubuhi, kicheko kitupu, mpaka akabaki mpigaji mmoja wa mwisho, naye alikuwa Tomasi. Kituo cha kwanza alikuwapo mtoto mwenzao, Serafina, cha pili alikuwapo Swaumu. Tomasi akaupiga mpira ukaruka kuliko ilivyopata kutokea. Wote wakaanza kukimbia, na umati mzima, baba na mama, wageni na wenyeji, ukasimama ukapiga kelele kwa pamoja: "Nyumbani! Nyumbani! Nyumbani!"

Swaumu akanijia mbio. Alikanyaga gunia, nikanyoosha mikono kumgeuza. Akapita chini ya mkono wangu. Badala ya kukata kona arudi kwenye ubao, alinyoosha, moja kwa moja, akaingia porini. Serafina akamfuata. Tomasi naye, aliyekuwa nyuma kabisa, akazunguka vituo vyote, akakanyaga gunia lile, akanyoosha vilevile. Walikuwa wakitabasamu. Hawakukimbia kama watoto wanaotoroka. Walikimbia kama watoto waliochelewa kidogo na hawataki kugombezwa.

Na umati ulikuwa bado unashangilia, maana wa nyuma hawakuwa wameona.

Eustakio alikuwa wa kwanza kuingia porini, nasi tukafuata, watu zaidi ya mia, tukaachana hatua tano tano. Serafina na Tomasi tuliwapata upesi. Walikuwa wameketi chini ya kichuguu, wameshikana mikono, wametulia.

"Mnafanya nini hapa?" Eustakio akawauliza.

"Tumeambiwa tungoje zamu yetu," akasema Serafina. "Anatuita sote Ashura. Amemchukua Swaumu kwanza."

Baba yake Swaumu, Mzee Abdala, alikuwa amesimama pale. Sikupata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Tukatafuta. Tulipita pori lile kwenda na kurudi, tukaita mpaka sauti zikakauka. Hapakuwa na nyayo, hapakuwa na majani yaliyolala. Hata ndege hawakulia. Nakumbuka tulikuwa watu mia na zaidi tukikanyaga majani makavu, na bado mahali pale palikuwa kimya.

Jua likaanza kushuka. Ndipo Eustakio akasimama, akageuka, akatoka porini akikimbia. Watu wakasema anakimbia lawama. Alichukua baiskeli, akaenda Marambo, akapiga magoti mlangoni kwa Bibi Mwanabibi, akasema, "Mama, ulinionya nikakuitikia kwa mdomo tu. Mtoto amechukuliwa."

Bibi hakumlaumu. Aliuliza swali moja: "Anaitwa kwa jina gani?"

"Ashura."

Akajifunga khanga yake, akaketi nyuma ya baiskeli.

Alipofika uwanjani alituambia tunyamaze, tukanyamaza. Sheikh na Padre walisimama pamoja kando, kila mmoja akiomba kwa namna yake, midomo tu ikicheza. Bibi akapanda juu ya sakafu ile, akalisukuma gunia kwa mguu, akatuambia kwa maneno machache. Dada yake alikuwa na binti mmoja, Ashura, mwenye miaka saba. Jioni moja alitumwa kuni pembezoni mwa kijiji, hakurudi, wala halikupatikana vazi lake. Tangu siku hiyo dada yake alisimama mlangoni kila jioni akamwita, njoo nyumbani, jua linazama. Majirani walihama, yeye akakataa kuhama. Akafia pale, akazikwa nyuma ya nyumba yake.

Kisha Bibi akageukia pori, akasema kwa Kimwera, taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Wanaojua lugha walitueleza baadaye. Alisema: "Dada, ni mimi, mdogo wako. Ashura amefika. Amefika zamani, yuko kwako huko. Huyu uliye naye si wako. Ana mama yake, amesimama hapa analia. Wewe unakijua kilio hicho. Usimpe mwenzako."

Tukangoja. Nilisikia pumzi ndefu, kama ya watu wengi, na mpaka leo sijui kama ilikuwa yetu.

Bibi akamwambia mama yake Swaumu, "Sasa mwite wewe. Taja jina lake na la baba yake."

"Swaumu!" akaita. "Swaumu binti Abdala! Njoo, mwanangu!"

Na mtoto akasimama kutoka kwenye majani, hatua kumi tu mbele yetu, mahali ambapo tulikuwa tumepita tena na tena. Alikuja akitembea. Hakuwa na mkwaruzo wala vumbi. Lakini asubuhi ile, akina mama mnajua, alikuja uwanjani nywele zake zimefumuliwa, timtim, kwa kuwa mama yake alikosa wasaa. Sasa zilikuwa zimesukwa. Zilisukwa mistari myembamba iliyozunguka kichwa, msuko ambao hatukuujua sisi wote, isipokuwa wanawake wawili watatu wa umri mkubwa, nao waliziba midomo kwa khanga. Zilinukia mafuta ya nyonyo.

"Nani amekusuka?" mama yake akamuuliza.

"Mama," akasema Swaumu.

"Mama yupi?"

Mtoto akamtazama mama yake muda mrefu, kama unavyomtazama mgeni unayejaribu kumkumbuka. Kisha machozi yakamtoka, akamtambua, akamrukia shingoni.

Ndugu zangu, baada ya hapo Mwalimu Eustakio alifanya jambo ambalo ndilo sababu ya mimi kumheshimu kuliko watu wengi wenye vyeo. Angeweza kunyamaza. Nani alijua kwamba alikuwa ameonywa? Alijua yeye na Bibi, na Bibi hakuwa mtu wa kusema. Alisimama mbele ya umati akasema, "Kosa ni langu. Mama huyu aliniambia tangu mwaka wa kwanza, nikapuuza. Mzee Abdala, nimekukosea, sina la kujitetea."

Mzee Abdala akainama, akaliokota gongo. Eustakio hakurudi nyuma. Walisimama hivyo. Kisha Mzee Abdala akalitupa gongo chini, akambeba mtoto wake, akaondoka, na kwa miaka miwili hakumpa Eustakio hata salamu.

Mchezo ulisimama. Kila Jumapili baada ya misa Eustakio alikwenda kule mahameni na ufagio na jembe. Bibi Mwanabibi aliketi akimwelekeza: hapa palikuwa mlango, hapa jiko, pale kaburi. Akapasafisha, akapazungushia ua wa miti, na mwaka 1955 Bibi alipofariki, alizikwa humo ndani kando ya dada yake, kama alivyotaka mwenyewe. Visiki vya uwanja huu tuliokaa sasa, vyote, Eustakio alivichimbua kwa mikono yake na ya wazazi wachache waliokubali kuonekana naye.

Mwaka 1954, asubuhi moja, Mzee Abdala akaja hapa amemshika Swaumu mkono. Akasema, "Mwalimu, mtoto huyu haachi kupiga mawe kwa fimbo uani. Kavunja mtungi wangu. Mpe mpira."

Hayo tu. Na mchezo ukaanza upya.

Tangu siku hiyo tuna sheria moja zaidi, nanyi wageni mtaiona leo, msishangae. Mtoto akifika kituo cha tatu, mwitaji hamwambii nyumbani kwanza. Humshika bega, humwita kwa jina lake na la baba yake, na hungoja aitike, ndipo amwachie. Mchezo unachelewa kidogo. Tumekubali uchelewe. Mwalimu, sheria hiyo uende nayo Ruangwa.

Sasa nimefika mahali ambapo, kwa desturi, ningemkabidhi zawadi nikaketi. Lakini nilisema sitaruka mahali.

Watu wa Nachingwea, miaka mitano mmeishi mkiamini kwamba kosa la siku ile lilikuwa la mtu mmoja. Wapo waliomsamehe na wapo wasiomsamehe, lakini wote mmelihesabu kuwa lake. Si kweli. Mimi nilimsikia yule mama kabla ya mtoto yeyote. Nilimsikia mwezi wa Julai 1950, wiki yangu ya pili, nimesimama peke yangu kituoni nikikusanya magunia. Aliniita Ashura, kwa sauti ya upendo ambayo sijaitiwa tangu mama yangu afe, nami mtu mzima, mwalimu, nilikwisha kupiga hatua tatu kuelekea porini kabla sijajikamata.

Sikumwambia mtu. Niliogopa kuchekwa, niliogopa kuambiwa mwalimu mpya ana wazimu. Watoto waliponiuliza niliwaambia ni upepo. Na mwanzoni mwa mwaka 1952 Eustakio alinijia, akaniambia moyo wake hautulii na kituo kile, anataka kukihamisha hata kama ni penye mashimo. Akaniuliza, "Mwalimu Teodosia, wewe ndiye unayesimama pale. Unasikia chochote?"

Nikamwambia, "Sisikii kitu."

Kwa neno langu kituo kikabaki. Miezi minne baadaye Swaumu akapita chini ya mkono wangu.

Kesho yake nilikwenda kwa Eustakio nikamweleza yote, nikamwambia nitasema hadharani kama alivyosema yeye. Akasema, "Wewe ndiye mwalimu wa kike peke yako hapa. Ukisema, wasichana watatolewa shule kabla ya mwezi kwisha. Nyamaza. Mimi lawama ninayo tayari, haitazidi." Na akaibeba. Akasukumwa sokoni, akanyimwa salamu, wala hakugeuka hata mara moja kunitazama, watu wasije wakayafuata macho yake.

Mzee Abdala, nakuona umeketi pale, na mama Swaumu kando yako, na Swaumu mwenyewe, mwenye miaka kumi na miwili, anayewafundisha wadogo zake kushika gongo. Mtu aliyeweza kuizuia siku ile alikuwa mimi, na nilisema uongo kwa kuogopa aibu yangu. Naomba radhi kwenu ninyi watatu. Simwombei tena Mwalimu Eustakio, yeye hana deni kwenu lililozidi langu. Sitaki mnijibu leo, wala kesho. Nitakuwapo hapa, darasa la kwanza na la pili, siku mtakapotaka.

Mwalimu Eustakio, sikukuomba ruhusa kusema haya, na naona unavyonitazama. Nenda Ruangwa salama. Wasichana wangu darasani leo ni arobaini na moja. Sasa niache nami nibebe.

Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa wote, wazazi na watoto: mmenisikiliza mpaka neno la mwisho bila kunikatiza, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo wangu wote. Asanteni sana.